Mzunguko Mmoja Uliobaki

Kwa sisi tuliofundisha katika shule za msingi za kando ya ziwa, kati ya Chato na Nyamirembe, uwanja wa michezo ulikuwa ni eneo lililofyekwa na wanafunzi wenyewe na kupigwa mistari kwa majivu yaliyoletwa kutoka majikoni. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi mistari haipo, na watoto hutumwa majivu upya. Katika uwanja wa namna hiyo, mwaka 1982, nilifanya jambo ambalo sijalisahau, na ambalo limenifanya nisome mengi juu ya Mfaransa mmoja aliyekufa kabla mimi sijazaliwa. Naomba, ndugu msomaji, nianze na huyo Mfaransa, kisha nitarudi uwanjani.

Pierre de Coubertin alizaliwa Paris tarehe 1 Januari 1863, katika ukoo wa makabaila. Alikuwa mtoto bado wakati nchi yake iliposhindwa vibaya na Wajerumani katika vita vya mwaka 1870 na 1871, na vijana wa kizazi chake walikua wakijiuliza ni kitu gani kilichowapungukia Wafaransa. Wengi walitaka kisasi. Coubertin yeye alielekeza macho shuleni. Alikwenda Uingereza akaona jinsi michezo ilivyofanywa sehemu ya malezi ya vijana, na mwaka 1890 akamtembelea daktari mmoja mzee, William Penny Brookes, katika mji mdogo wa Much Wenlock, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiwaandalia watu wa mji wake mashindano aliyoyaita ya Olimpiki. Miaka minne baadaye, tarehe 23 Juni 1894, mkutano alioutisha Coubertin katika Chuo cha Sorbonne uliazimia kuifufua michezo ya Wagiriki wa kale, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikazaliwa. Mwaka 1896 michezo ya kwanza ilifanyika Athens. Coubertin aliiongoza Kamati hiyo kuanzia mwaka huo hadi mwaka 1925.

Tunaambiwa mara nyingi kwamba ni yeye aliyesema kuwa jambo kubwa katika michezo hii si kushinda bali kushiriki. Kwa haki, maneno hayo aliyachukua kwa mwingine. Mwezi Julai mwaka 1908, michezo ilipokuwa London, Askofu Ethelbert Talbot kutoka Pennsylvania, Marekani, alihubiri katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo na kugusia wazo hilo. Siku chache baadaye Coubertin alilirudia katika hotuba yake, akamtaja askofu, na akalipanua. Tangu hapo dunia imelifanya kuwa lake. Sioni ubaya. Mtu aliyelipa wazo nyumba ya kuishi ana haki ya kutajwa pamoja nalo.

Lakini nyumba yenyewe haikuwa na milango kwa kila mtu. Mwaka 1896 hakuna mwanamke aliyeshindana Athens, na Coubertin aliendelea kupinga wanawake kushiriki hata baada ya wao kuanza kuingia mwaka 1900. Kuhusu Afrika, habari yake ni ngumu zaidi. Alikuwa mtu wa zama za ukoloni na aliuunga mkono. Wakati mkutano wa Sorbonne ukiketi, Uzinza yetu ilikuwa imekwisha kuingizwa katika himaya ya Wajerumani kwa makubaliano yao na Waingereza ya mwaka 1890. Hata hivyo, mwaka 1923, katika kikao cha Rome, Coubertin huyo huyo alipendekeza pawepo Michezo ya Afrika. Ikapangwa ifanyike Algiers mwaka 1925, haikufanyika. Ikapangwa tena Alexandria mwaka 1929, nayo haikufanyika. Serikali za kikoloni hazikulipenda wazo hilo, na kwa mtazamo wao walikuwa na sababu: mtawaliwa akipewa mstari mmoja wa kuanzia na mtawala, huenda akafika wa kwanza, na watu wake watakuwa wametazama.

Coubertin alikufa Geneva tarehe 2 Septemba 1937, mali yake ikiwa imekwisha kutumika. Alizikwa Lausanne, lakini kwa kutaka kwake moyo wake ulipelekwa ukazikwa Olympia, Ugiriki. Michezo ya Afrika aliyoitamani haikufanyika mpaka Julai 1965, huko Brazzaville, na Waafrika waliifanya wenyewe wakiwa huru. Katika michezo hiyo Tanzania ilipata medali ya fedha katika kurusha mkuki, na aliyeipata alikuwa mwanamke, Theresia Dismas. Mara nyingi nimelifikiria jambo hili. Mzee aliyetaka Michezo ya Afrika lakini hakutaka wanawake, alipewa na historia yote mawili kwa mpigo mmoja. Ndivyo urithi ulivyo: mwenye kuacha huandika majina machache, na wanaokuja kuutunza mara nyingi ni wale ambao hakuwaandika.

Nchi yetu ilianza kushiriki Olimpiki mwaka 1964, Tokyo. Mwaka 1968, Mexico City, tarehe 20 Oktoba, John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alikimbia marathoni. Mji ule uko juu kiasi cha meta 2,240 kutoka usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na wakimbiaji 75 walianza alasiri. Hata Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda marathoni ya Olimpiki mara mbili, alijitoa njiani. Akhwari aliangushwa katika msongamano, goti likateguka na bega likaumia. Alifungwa bendeji akaendelea. Mamo Wolde, Mwethiopia mwingine, alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, kiza kimekwisha kuingia, watazamaji wengi wamekwenda zao. Alichechemea mpaka mstari. Alikuwa wa 57, naye ndiye wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile kuanza mbio, ilimtuma azimalize.

Miaka zaidi ya mitano baadaye, tarehe 2 Februari 1974, nilikuwa mwalimu kijana ambaye chaki bado ilikuwa ngeni mkononi. Chato wakati huo ilikuwa katika Wilaya ya Biharamulo, Mkoa wa Ziwa Magharibi, na watu wengi walikuwa katika pilikapilika za kuhamia vijiji vya ujamaa. Redio zilikuwa za kuhesabu. Tulisikia kutoka Radio Tanzania kwamba Filbert Bayi amevunja rekodi ya dunia ya meta 1,500 huko Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Muda wake ulikuwa dakika 3 na sekunde 32.16. Aliongoza tangu mwanzo, hakumngoja mtu, na mwenyeji John Walker alimfukuza mpaka mwisho asimpate, ingawa yeye pia alikimbia chini ya rekodi ya zamani ya Mmarekani Jim Ryun. Ben Jipcho wa Kenya alikuwa wa tatu. Mei 1975, Kingston, Jamaika, Bayi akachukua pia rekodi ya maili, dakika 3 na sekunde 51.0. Kuanzia hapo kila mtoto mwenye miguu katika shule zetu alijiita Bayi. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba Bayi alizaliwa tarehe 23 Juni 1953, yaani siku na mwezi ule ule ambao mkutano wa Sorbonne ulipitisha azimio lake. Ni sadfa tu, lakini ni sadfa niliyopenda kuwaambia wanafunzi.

Dunia nzima ilingoja Bayi na Walker wakutane Montreal mwaka 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini mwaka ule ule ambao watoto wa Soweto walipigwa risasi, na Tanzania, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ikasusia michezo kwa kuwa New Zealand haikuzuiwa kushiriki. Walker alishinda meta 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 39.17, polepole kwa sekunde saba kuliko alivyokimbia Bayi Christchurch. Kijiweni tulizihesabu sekunde hizo saba kama mtu anayehesabu fedha alizodhulumiwa. Wengine walinung'unika chini chini kwamba siasa imemnyang'anya kijana medali.

Nami nilinung'unika, siwezi kujitenga. Lakini kadiri miaka ilivyopita nimeona kwamba uamuzi ule haukupingana na neno la Coubertin bali ulilichukua kwa uzito. Kama jambo kubwa ni kushiriki, basi kosa kubwa ni kumzuia mtu asishiriki, na Afrika Kusini ilikuwa imewazuia mamilioni kwa sababu ya rangi ya ngozi yao. Gharama ya uamuzi huo hatukuilipa wote sawasawa. Sisi tulilipa kwa manung'uniko. Bayi alilipa kwa miaka ya ujana wake, ambayo mkimbiaji hapewi mara mbili. Mwaka 1980, Moscow, alipata medali ya fedha katika meta 3,000 za kuruka viunzi na maji, nyuma ya Bronisław Malinowski wa Poland. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, huko ng'ambo ya ziwa letu, alipata fedha katika meta 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Mpaka michezo ya Paris mwaka 2024 inamalizika, medali hizo mbili zilikuwa ndizo pekee ambazo Tanzania imepata katika Olimpiki.

Sasa nirudi uwanjani kama nilivyoahidi.

Mwaka 1982 shule yetu ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya kuteua timu ya UMISHUMTA. Shule kadhaa za jirani zilikuja, watoto wakitembea kwa miguu tangu alfajiri, wengine na sufuria za uji kichwani. Mimi nilikuwa mwalimu wa michezo na ndiye niliyeshika saa. Mzunguko wa uwanja ule ulikuwa meta 300 kwa kamba tuliyopimia, hivyo meta 1,500 zilikuwa mizunguko mitano. Mgeni wetu alikuwa amechelewa kufika na alitaka kuondoka mapema, na mbio za kupokezana vijiti, ambazo ndizo wazazi wanazozipenda, zilikuwa bado.

Alikuwapo mvulana wa darasa la sita, mwembamba, mwana wa mvuvi. Filimbi ilipolia alichomoka kama Bayi. Mizunguko miwili alikuwa mbele peke yake na wenzake walishangilia kwa kuliita jina hilo. Katika mzunguko wa tatu pumzi ilimwishia. Wakampita mmoja, wawili, wote. Walipomaliza wote, yeye alikuwa amebakiza mzunguko mmoja kamili, anakwenda kwa mwendo ambao ulikuwa kidogo tu zaidi ya kutembea, mikono imelegea, lakini anakwenda. Watu walianza kucheka. Nilitazama jukwaani nikamwona mgeni anatazama saa yake. Nikapiga filimbi, nikamwita mtoto kwa sauti kubwa mbele ya watu wote: "Wewe, toka uwanjani, unatuchelewesha!" Alisimama. Alinitazama kwanza kama hakusikia, kisha akatoka, akakaa chini ya mwembe na kugeuzia uso upande wa ziwa. Mimi nikawapanga watoto wa vijiti.

Kinachonichoma si ukali wa sauti yangu, maana walimu wa wakati ule tulikuwa wakali na wazazi walitutaka tuwe hivyo. Kinachonichoma ni kwamba mwezi ule ule, katika somo la siasa, darasa hilo hilo, mimi mwenyewe niliwasimulia habari ya Akhwari. Niliwachorea ubaoni uwanja wa Mexico City. Niliwaambia kwamba huyo ndiye Mtanzania wa kuigwa. Yule mvulana alikuwa amekaa dawati la pili, akasikiliza kwa makini. Kwa hiyo alipobakiza mzunguko mmoja pengine hakuwa mkaidi wala mjinga. Pengine alikuwa anafanya kile nilichomfundisha, na mimi ndiye niliyekuwa nimesahau somo langu.

Mwaka uliofuata hakumaliza darasa la saba. Alikwenda kwenye mitumbwi, na baadaye nilisikia yuko machimboni upande wa Geita, kama vijana wengi wa kwetu. Sisemi kwamba aliacha shule kwa ajili yangu. Nyumbani kwao palikuwa na njaa, na ziwa na dhahabu vilikuwa vikiwaita vijana kwa sauti kubwa kuliko kengele ya shule. Lakini sikumwuliza, na muda wa kumwuliza ulikuwapo.

Mwishoni mwa miaka ya tisini alikuja ofisini kwangu akiwa mtu mzima, kifua kimepanuka, amemshika mkono mtoto wa kiume wa kuandikishwa darasa la kwanza. "Shikamoo, Mwalimu," akasema. Nikaitikia marahaba, nikamtambua, nikawa sijui pa kutazama. Tukaandika jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, kijiji. Aliposimama kuondoka alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyetaka ugomvi, akasema: "Mwalimu, huyu naye anapenda kukimbia. Akichelewa, mwache tu amalize." Nilimwomba radhi pale pale. Akasema, "Ah, Mwalimu, mambo ya zamani hayo," akaaga. Mambo ya zamani kweli, lakini alikuwa ameyabeba miaka yote hiyo, na mimi nilikuwa nimeyabeba pia, kila mtu upande wake.

Tangu siku hiyo nimeisoma tena habari ya Mexico City kwa jicho jingine. Zamani nilimwona Akhwari peke yake, na bendeji yake. Sasa najiuliza pia habari za mtu mwingine ambaye jina lake silioni popote. Katika kumbukumbu za michezo ile, muda wa Akhwari umeandikwa: saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Muda haujiandiki wenyewe. Maana yake ni kwamba mshindi alipokwisha kuvishwa medali, na watu walipokwisha kwenda kula chakula cha jioni, alikuwapo mtu aliyebaki kwenye mstari ameshika saa, akimngoja mtu wa 57. Kama mtu huyo angefunga vitabu vyake saa moja mapema, Akhwari angefika mahali ambapo hapana mstari wa kumalizia, na sisi tusingekuwa na la kuwasimulia watoto.

Hapo ndipo ninapouona urithi wa Coubertin, pamoja na kasoro zake zote. Kila kijiji duniani kilikuwa na mbio zake na mabingwa wake kabla yake, hata Uzinza. Alichojenga yeye ni utaratibu: mstari mmoja kwa wote, saa moja kwa wote, na daftari ambalo wa mwisho naye ana nafasi ndani yake. Alipowaacha wanawake nje alivunja utaratibu wake mwenyewe, na wakoloni waliofunga Algiers na Alexandria waliuvunja pia. Waliokuja baada yake wameusahihisha kidogo kidogo, kila mmoja mahali pake. Nami niliuvunja mahali pangu, ambapo palikuwa mduara wa majivu wa meta 300.

Septemba 2025 nilikaa na wajukuu tukitazama marathoni ya mashindano ya dunia kutoka Tokyo, mji ule ule tulioanzia mwaka 1964. Alphonce Simbu wetu na Mjerumani Amanal Petros waliingia uwanjani pamoja, na wakavuka mstari wakiwa wameandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ikabidi picha itazamwe. Simbu alikuwa mbele kwa sekunde 0.03, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo. Wajukuu waliruka mpaka kiti kikavunjika. Nilifurahi kama wao. Ila wao walipotoka kwenda kuwaambia majirani, mimi nilibaki nikitazama wale waliokuwa bado wanaingia, mmoja mmoja, wamepauka midomo, na kila mmoja namba zake zikitokea kwenye kioo.

Nilistaafu mwaka 2012, mwaka ambao Chato ilihamishiwa katika Mkoa mpya wa Geita. Katika vitu nilivyoondoka navyo shuleni kuna daftari moja la kurasa 96, lenye matokeo ya mbio za watoto tangu siku aliyokuja yule mzazi. Kila ukurasa una jina la mtoto wa kwanza juu na la mtoto wa mwisho chini, na mbele ya kila jina pana muda wake. Mwanawe yumo pia. Hakupata kuwa wa kwanza hata mara moja, lakini mizunguko yake yote mitano imo.